Ukitaka Kuwinda Kwa Vonza, Anza na Nyayo

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wenye hamu ya kuwinda hujikwaa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilikaza fundo zaidi. Kuwinda kwa kujifurahisha ni kosa. Kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Kukutwa na nyama ya porini, hata kama hukumuua wewe mnyama mwenyewe, ni kosa. Haijalishi mnyama ni nyati au digidigi wa kilo tano, na haijalishi kwamba shamba ni lako na marehemu babu yako alikuwa akiwinda papo hapo. Adhabu ni faini au jela, au vyote viwili, na hakimu hatakuuliza kama ulikuwa unajifunza tu.

Sasa, kama wewe ni mtu mzima uliyerudi kwenu Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, baada ya miaka ya mjini, au umehamia hapo kwa kazi ya chuo kikuu cha SEKU, na moyo unakutuma porini, usikate tamaa. Sheria imekataza kuua, kukamata na kutega. Haikukataza kujua. Kumtafuta mnyama mpaka umwone kabla hajakuona ndiyo sehemu kubwa ya uwindaji, ndiyo iliyo ngumu, na ndiyo iliyotoweka katika kizazi chetu. Upinde mtu anaweza kuujua kwa miezi michache. Kusoma nyayo ni kazi ya miaka, na ukianza ukiwa na miaka arobaini hujachelewa, ila ujue umeanza shule ambayo mtoto wa mchungaji alishaihitimu akiwa na miaka tisa.

Ukambani jambo hili lina mizizi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmishonari Johann Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na mshale, na kwenye mshale kulikuwa na sumu ya msunguti, mti ambao Wakamba huuita kivai. Sumu hiyo huushika moyo, lakini haiangushi mnyama mkubwa papo hapo. Aliyechomwa mshale hukimbia, huingia kichakani, huvuka korongo, pengine huchanganyika na wenzake. Mwindaji asiyejua kufuata nyayo alikuwa amepoteza mshale, sumu na nyama. Ndiyo maana nasema ufundi wenyewe ulikuwa machoni na miguuni.

Baadaye serikali ya kikoloni ikaleta leseni ambazo Mzungu alizimudu, na mwindaji wa Kikamba akageuka jangili katika nyika aliyozaliwa. Edward Steinhart ameieleza historia hiyo katika kitabu chake Black Poachers, White Hunters cha 2006, na Wakamba wamo. Ukikipata maktabani, kisome kabla ya kusoma hadithi za safari za wakubwa kutoka Ulaya na Marekani.

Kuna watakaokwambia uvuke mpaka. Ni kweli, Tanzania uwindaji una leseni na vitalu, na mamlaka husika ni TAWA. Uganda nayo iliruhusu tena uwindaji wa kulipia mwaka 2001, ikianzia maeneo yanayopakana na Ziwa Mburo. Lakini tazama msafara wa namna hiyo unavyotembea: mbele kabisa yuko mfuata nyayo, nyuma yake mwindaji wa kuajiriwa, kisha mgeni aliyelipa. Mgeni huonyeshwa mnyama, akaonyeshwa pa kulenga. Anayewinda pale ni yule wa mbele, na huyo ndiye unayetakiwa kumwiga, bila gharama ya leseni wala ndege.

Jambo la kwanza kabisa ni ruhusa. Ardhi ya Yatta, eneo la Kwa Vonza, yote ina mwenyewe, hata ile inayoonekana haina mtu: kuna mashamba ya watu, kuna ranchi, kuna eneo kubwa la chuo. Mtu mzima asiyechunga, asiyeokota kuni, anayetembea ameinama akitazama chini, atadhaniwa mwizi wa mbuzi au mtega waya. Nenda kwa mwenye shamba, kisha kwa naibu wa chifu, ujieleze. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi na ya kuchekesha.

"Unatafuta nini huko chini mtoni?"

"Natafuta nyayo, mzee."

"Za nini? Umepoteza ng'ombe?"

"Hapana, mzee. Nataka kujua tu ni wanyama gani wanapita."

Atakutazama kidogo, atacheka, halafu mara nyingi atakutajia mtu. Swali lake la ng'ombe si la dhihaka. Huku watu wanaofuata nyayo hadi leo ni wale waliopotelewa na mifugo, na hao ndio walimu wako. Kitabu kipo, cha Chris na Tilde Stuart kuhusu nyayo na alama za wanyama wa kusini na mashariki mwa Afrika, nacho kinafaa. Hata hivyo mchungaji mmoja anayejua mbuzi wake kwa kwato zao atakufundisha kwa asubuhi moja yale ambayo kitabu kitachukua msimu mzima kukueleza. Mpelekee sukari na majani ya chai, umheshimu kama fundi, na usimharakishe.

Vifaa ni vichache. Viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu ngumu kwa sababu ya miiba ya migunga, kofia, maji ya kutosha asubuhi nzima, daftari, penseli, rula fupi na fimbo nyembamba iliyonyooka. Darubini ukiweza, ile iliyoandikwa 8x32 au 8x42 inatosha kabisa, na hizo za kukuza mara ishirini zinazouzwa barabarani hutetemeka mkononi mpaka huoni kitu. Usivae nguo za mabaka ya kijeshi hata kama umeziona kwenye filamu za wawindaji. Kenya raia kuvaa sare zinazofanana na za jeshi ni kujitafutia kesi. Kahawia au kijani iliyochakaa inatosha. Usibebe upinde, wala mkuki, wala mbwa. Na ukielekea kwenye hifadhi yoyote, iwe ya Kitui Kusini au Tsavo Mashariki, kuingia na silaha au waya bila kibali ni kosa hata kama hukuvitumia.

Majira nayo yana maana yake. Ukambani hupata mvua mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na hii ya mwisho ndiyo wakulima wanayoitegemea zaidi. Kwa anayejifunza, miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa zimepungua, ardhi iko wazi na maji yamebaki sehemu chache. Baadaye utajifunza kupenda asubuhi inayofuata manyunyu ya usiku, kwa sababu kila kilichoandikwa juu ya ardhi yenye matone kimeandikwa baada ya mvua kukatika, na hapo huhitaji kubahatisha umri wa wayo.

Mahali pa kuanzia ni mto wa mchanga. Kitui inayo mito mingi ya msimu ambayo kwa muda mrefu wa mwaka ni mchanga mtupu juu na maji chini, na watu wamejenga mabwawa ya mchanga kuvuka mito hiyo ili kuyazuia maji hayo. Mchana watu huchimba visima vifupi mchangani kuteka maji. Usiku wanyama nao huja papo hapo. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mbuzi hawajashuka kunywa. Wakishapita wao, asubuhi yako imekwisha.

Usisimame katikati ya mto. Mchanga mkavu wa kina hauhifadhi umbo. Kila mnyama huacha shimo tu, na mashimo hufanana. Tembea pembeni, pale mafuriko ya mwisho yalipoacha tope jembamba lililokauka, au kando ya kisima ambapo mchanga una unyevu. Mahali pengine pazuri ni palipokuwa na tanuri la makaa. Serikali ya kaunti ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, lakini mabaka meusi ya matanuri yamejaa vichakani, na lile vumbi lake laini huchukua hata kucha za nguchiro.

Simama ili wayo uwe kati yako na jua. Jua likiwa chini, kila ukingo hutupa kivuli chake kuelekea kwako na umbo hujitokeza. Ukiwa na jua mgongoni, ardhi yote huonekana bapa. Ndiyo maana kazi hii hufanywa asubuhi hadi kama saa tatu, na tena kuanzia saa kumi jioni. Saa sita mchana kaa chini ya mkwaju, ule ulichobeba.

Wiki za kwanza usitafute mnyama wa porini hata mmoja. Anza uani kwako. Jifunze kwato ya mbuzi, ya kondoo, ya ng'ombe, ya punda, wayo wa mbwa, wa paka na wa kuku, kwa sababu hizo ndizo utakazozikuta mara nyingi, na mwanafunzi asiyejua mbuzi vizuri hugundua tandala kila kona. Chora kila wayo kwa mkono, upime urefu na upana. Picha ya simu ni rahisi, ila jicho halijifunzi kwa kupiga picha. Mkono ukichora, jicho hulazimika kujibu maswali: vidole vingapi, kucha zipo au hazipo, upande upi umezama zaidi.

Hapo sasa tofauti zinaanza kujitokeza. Mbwa na mbweha huacha alama za kucha mbele ya vidole. Paka na chui huzificha kucha zao wanapotembea. Nguchiro huacha kucha ndefu kwa sababu huchimba. Sungura akikimbia huweka miguu ya nyuma mbele ya ile ya mbele, na kwa kuwa nyayo zake zina manyoya, alama huwa hafifu bila mistari mikali. Fisi ana miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma, na huo ndio msaada mkubwa unapokuwa na shaka kama ni mbwa mkubwa tu wa jirani. Kanga na kwale wana vidole vitatu mbele, lakini kanga hutembea kwa kundi na huparura ardhi, hivyo utakuta eneo zima limechokorwa. Nungunungu mara nyingi hajitambulishi kwa wayo kabisa: utakuta mwiba mmoja mweusi na mweupe, shimo dogo lililochimbuliwa kwenye mizizi, au gamba la mti lililotafunwa karibu na ardhi.

Lakini mnyama wa kuanza naye Kwa Vonza ni digidigi. Yupo hata karibu na nyumba za watu, haendi mbali, na maisha yake ameyaandika yote ardhini. Dume na jike huishi wawili wawili katika eneo lao wenyewe, mara nyingi kwa maisha yao yote, na huweka mipaka ya eneo hilo kwa vyoo. Tafuta kando ya vijia vidogo vya kichakani rundo la punje nyeusi, ndogo kuliko za mbuzi, pamoja na zile zilizokauka zikawa kijivu. Huo ni mpaka. Wenyewe hurudi pale siku baada ya siku, na rundo likiwa na punje zinazong'aa kwa unyevu juu ya zile kavu, wamepita si muda mrefu.

Sasa piga magoti. Kwato yake ni ndogo, imechongoka mbele, na hujificha kirahisi chini ya nyayo za mbuzi. Ukidhani umeikosea na ya mwanambuzi, angalia jirani: mwanambuzi hatembei bila mama yake na kundi zima. Kisha inua macho kidogo tu, kimo cha goti lako, uchunguze ncha za vijiti na majani makavu karibu na kile choo. Ukivumilia utaona kijiti ambacho ncha yake ina donge dogo jeusi, linalong'aa kama tone la lami. Digidigi ana tezi kwenye pembe ya jicho, na huingiza ncha ya kijiti taratibu ndani ya tezi hiyo ili aache harufu yake. Liguse. Likiwa laini na linanata, mwenyewe yuko karibu. Likiwa gumu, ni la zamani. Wapo watu waliokulia Yatta, wamekula digidigi utotoni na wanajua ladha yake, ambao hawajawahi kuliona tone hilo.

Umri wa wayo ndilo somo linalosumbua watu wazima, kwa sababu tunataka kanuni na kanuni haipo. Dawa yake ni hii. Kanyaga ardhi wewe mwenyewe alfajiri, kwenye mchanga, kwenye tope na kwenye vumbi. Rudi saa tatu uangalie, kisha adhuhuri, kisha jioni, kisha kesho yake. Utaona kingo zinavyoporomoka, upepo unavyojaza majani, mchwa na mende wanavyovuka juu. Fanya hivyo kila majira, maana wayo wa Agosti yenye upepo huzeeka haraka kuliko wa Novemba.

Ukipata mstari wa nyayo ulio mpya, ufuate ukiwa pembeni yake, usiukanyage. Pima kwa fimbo kutoka wayo mmoja hadi unaofuata wa mguu uleule, uweke alama ya mpira au uzi kwenye fimbo. Wayo ukipotea, weka ncha ya fimbo kwenye ule wa mwisho, uzungushe ile alama taratibu ardhini: unaofuata lazima uko mahali fulani juu ya duara hilo. Usipouona, usiende mbele kwa kubahatisha. Rudi kwenye ule uliokuwa na uhakika nao, ujiulize mnyama alikuwa anaelekea wapi, kivulini au majini, kisha zunguka kwa upana. Na ukizoea, acha kutazama miguuni. Tazama hatua kadhaa mbele. Wafuata nyayo wazuri hutembea wakiwa wameinua kichwa, kwa sababu mnyama hayupo kwenye wayo. Yuko mwisho wake.

Hilo linatuleta kwenye upepo. Chukua majivu laini ya jikoni, uyafunge kwenye kitambaa chepesi, uyatikise kila baada ya muda uone yanaelekea wapi. Yakikurudia usoni, uko salama. Yakienda mbele yako, harufu yako imeshatangulia. Zunguka, au keti usubiri. Kuketi ndiko kunakowashinda watu wa mjini. Ukishajua choo cha digidigi kilipo, keti mbali kidogo, upepo ukikujia, mgongo kwenye shina, kabla jua halijatua, simu ikiwa imezimwa kabisa. Atakuja kwa hatua fupi, atasimama, atanyoosha pua. Akikugundua atatoa sauti kali ya puani na kuondoka kwa kurukaruka. Usimkimbize. Kumsumbua mnyama mpaka ahame eneo lake ni uharibifu, na dume na jike wasio na eneo hawana pa kwenda.

Kuna uwindaji mmoja ambao bado unaruhusiwa kumalizika kwa kula, nao ni wa asali. Mlembe, ndege anayeongoza watu hadi kwenye nyuki, anapatikana katika nchi kavu kama hii. Hussein Isack, mtafiti Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha mwaka 1989 utafiti wao miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Waligundua kwamba mtu asiye na ndege alitumia kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga wa porini, na aliyeongozwa na ndege saa 3.2. Ukimsikia ndege akipiga kelele za mfululizo akiruka mti hadi mti mbele yako, mfuate polepole, umruhusu asimame, usimpite. Ila tahadhari mbili. Mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, miatu ya Wakamba, ina wenyewe, na kuigusa ni wizi. Na usichome mti mzima kwa ajili ya sega moja. Toa moshi kidogo, na mwachie ndege nta yake.

Kama unachotamani hasa ni upinde, upinde upo kama mchezo. Ulengaji shabaha kwa mishale umekuwamo katika Olimpiki bila kukatika tangu 1972, na Mkenya Shehzana Anwar alishindana Rio de Janeiro 2016, ambako ndiye aliyebeba bendera ya nchi kwenye ufunguzi. Tundika gunia lililojazwa nyasi mbele ya kichuguu, uhakikishe nyuma yake hakuna njia ya watoto, ujifunze kwa utulivu. Kichwa cha mshale kiwe butu, na neno sumu lisitajwe kabisa.

Kamera ya kufunga mtini, inayojipiga yenyewe mnyama akipita, nayo inafaa, ingawa ni ya baadaye. Ukiinunua kabla hujajua nyayo utaifunga mahali ambapo ni mbuzi tu wanapita. Ukijua kwanza, itakuonyesha wale usioweza kuwaona: kanu, muhanga, pengine fisi. Omba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuifunga, maana itapiga picha watu pia.

Hatari za hapa si simba. Ni moma, nyoka mnene anayelala njiani bila kusogea akitegemea rangi yake, na anayefuata nyayo ana tabia ya kutia mkono vichakani. Tazama unapoweka mkono na unapokalia. Ukiumwa, usifunge kamba, usichanje; tulia, mguu usitembezwe, upelekwe hospitali mara moja. Ukienda kusini, Mutomo na Ikutha kuelekea Tsavo, mambo hubadilika kwa sababu ndovu wapo. Huko usiende bila mwenyeji, na ukikuta kinyesi cha ndovu kilicho na joto, geuka.

Usiambatane pia na wale wanaotoka usiku na tochi kali, mbwa na pikipiki. Digidigi akipigwa mwanga husimama akiduwaa, na kumpiga hapo hakuhitaji ufundi wowote. Nyama yake huuzwa ikiitwa ya mbuzi, bila daktari wa mifugo kuikagua, na nchi hii ina kimeta na homa ya Bonde la Ufa. Mtu akikwambia huo ni uwindaji wa mababu, mwulize kama mababu walikuwa na taa za LED.

Siku moja utafuata nyayo za digidigi, nazo zitaishia kwenye tanzi la waya lililofungwa kwenye shina, kimo cha shingo yake. Usilibebe hadi nyumbani, kwa sababu ukikutwa nalo utakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Lipige picha, andika mahali lilipo, angalia kwa makini kama kuna mengine jirani maana hayategwi moja moja, kisha mjulishe naibu wa chifu na ofisi ya shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) iliyo karibu. Toa taarifa siku hiyohiyo. Tanzi la waya hukamata usiku na mchana, hata aliyelitega akiwa ameshasahau alipoliweka.